Vumbi Halijifichi Nyuma ya Mtu

Jumamosi ile pale ukumbini Stratford, mmoja wenu vijana aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikamjibu, kazi ya picha. Mkatingisha vichwa kwa adabu, mkarudi kwenye simu zenu kuipiga picha pilau yangu, nayo inapoa. Sikuudhika. Nasema uongo, niliudhika sana, ndiyo maana leo naandika, tena kwa Kiswahili, mpate taabu kidogo. Najua mnakielewa. Ni kujibu tu ndiko mnakojibu kwa Kiingereza, utadhani Kiswahili kinatozwa ushuru.

Mimi naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeimaliza katika hifadhi ya picha hapa London. Wala si picha za harusi. Ni picha za Mayahudi wa Ulaya wakati wa vita vile vikubwa, walipokuwa wakiteswa na kumalizwa: wamezungushiwa ukuta, wameshonewa nyota kwenye makoti, wamepanga foleni ya supu, wanapandishwa treni. Kazi yangu ilikuwa kuzisafisha, kuzitolea nakala na kuzilaza mahali pa baridi zisiharibike.

Wifi yangu wa Mombasa alikuwa akinipigia simu ananiuliza, "Wee Mwanaidi, Ulaya nzima hiyo umekosa kazi ila kupangusa picha za Mayahudi?" Nikamwambia wifi, mtoto aliyesimama barabarani na kopo lake la supu hana alichonikosea. Akasema, "Haya, lakini wanakulipa vizuri?" Nikamwambia hapana. Hilo ndilo lililomhuzunisha kikweli.

Msidhani nilifika hapa nikiwa mjuzi. Nilifika nikijiona mjuzi, ambacho ni kitu kingine. Nilipokwenda Croydon mara ya kwanza, kwenye lile jengo lao la uhamiaji, nilipeleka picha niliyojipiga mwenyewe, taa nimeipanga, mtandio umekaa sawasawa, uso unang'aa. Kijana wa dirishani akaitazama, akanirudishia. Alisema nimetabasamu. Mimi, fundi wa studio, nikatumwa kwenye kibanda cha stesheni nikapigwe na mashine. Mashine ikanitoa kama mtu aliyefiwa, Croydon wakafurahi, nikaruhusiwa kuishi nchini.

Tabasamu hilo lilinisaidia baadaye. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli bandarini enzi za Mwingereza, akitembea na kipande, kile cheti chenye namba, shingoni kama mbuzi mwenye kengele. Kwa hivyo siku nilipofungua boksi nikakuta mzee wa Kiyahudi ameshikishwa namba kifuani, anaitazama kamera kwa macho ya mtu aliyeambiwa asitabasamu, sikuhitaji mhadhara. Nililifunga tena lile boksi, nikaenda kunywa chai. Kazi hii ina siku za hivyo, na anayewaambia ameizoea basi hajaifanya.

Sasa niwape ufundi kidogo, nisije nikafa nao. Kwanza, mikono. Osheni, kausheni kabisa, na pete mvue. Zile glavu nyeupe za pamba mnazoziona kwenye televisheni ni za kuwafurahisha watazamaji. Zinanasa pembe za karatasi na kuzichana. Pili, msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, hata iwe ya nani. Penseli laini tu, tena pembeni, mkono mwepesi. Tatu, na hili ndilo watu wote wanalikosea: picha husomwa mgongo kwanza. Uso wa picha unakupumbaza. Mgongoni utakuta muhuri, alama ya gundi, maneno ya aliyeipiga. Ukishaangalia mgongo ndipo ugeuze, ukiwa umeshajua unatazamishwa na nani.

Kwa sababu hilo ndilo tatizo la picha hizi. Nyingi hazikupigwa na ndugu wala rafiki. Zilipigwa na askari walewale wa Kijerumani waliokuwa wakiwatesa, kwa kamera zao nzuri, wapeleke nyumbani kwa wake zao. Nyuma wameandika mzaha. Ukizitazama kwa uso tu unamtazama mtoto kwa jicho la yule aliyemfungia ndani ya ukuta. Mimi nilichukua muda mrefu kulijua hilo, maana aliyenifundisha kazi alikuwa anatazama uso tu.

Huyo ni Mzee Kanti. Alikuwa na studio Mombasa, baba yake kabla yake, kisha akaja London na mkewe wakakaa Queensbury, mtaa uliojaa Wahindi wa kwetu hadi dukani unaweza kuagiza mhogo kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyenifundisha nikiwa msichana kule Mombasa, na yeye ndiye aliyenivuta kwenye hifadhi alipoambiwa wanatafuta mtu wa chumba cha giza. Kiswahili chake kilikuwa cha Kimombasa kabisa, na matusi yake pia.

Studio yetu haikuwa mahali pa kweli, ilikuwa mahali pa heshima. Mteja asiye na koti alivalishwa koti la studio. Mwenye chunusi, Mzee Kanti alizifuta kwa brashi nyembamba yenye unywele mmoja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kibokoni ambaye mumewe alikuwa Arabuni kikazi na hakurudi kwa Idi. Alileta picha ya mume ya pasipoti, akapigwa yeye peke yake kwenye kiti, na baada ya wiki Mzee Kanti akawatoa wawili, mume amemwekea mke mkono begani. Mkono wenyewe ulikuwa wa mpishi wa hoteli. Bibi alilia kwa furaha. "Mwanaidi," Mzee akaniambia, "mteja analipia uso anaoutaka. Aliopewa na Mungu anao bure."

Na huyo ndiye waliyemkabidhi picha za geto. Jamani!

Ngoja niwaeleze geto, msije mkadhani ni mtaa wenye muziki. Ni mtaa wa mji uliozungushiwa ukuta na waya, Mayahudi wakasukumiwa ndani familia kwa familia, mlango ukafungwa. Njaa ndani, bunduki nje. Baadaye wakawa wanawatoa kidogo kidogo kwa treni, watoto na wazee kwanza, wasirudi.

Katika hifadhi yetu kulikuwa na picha moja ya geto la mji mmoja wa Poland, imepigwa na askari. Kijipicha chake chenyewe ni kidogo kama kibiriti, kimepauka, na mgongoni kina maneno ya kejeli kuhusu uchafu wa watoto wa Kiyahudi. Tarehe hakuweka. Lakini negativu yake ilikuwepo, yaani ile filamu ambayo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, na kutokana na hiyo Mzee Kanti, mwaka wake wa kwanza London, alitoa nakala kubwa ya kuwapa wasomaji. Negativu ikarudi kwenye ghala la baridi, ikalala. Nakala ya Mzee Kanti ndiyo iliyoonwa na kila mtu miaka yote: barabara ya mawe iliyolowa, nguzo ya taa, watu wazima wawili wamepita, mmoja mama aliyebeba furushi, na mbele msichana mdogo ametupa kisogo. Msuko mmoja umefumuka. Ana kopo mkononi. Mguu mmoja ameukanyagia juu ya mwenziwe.

Nakala safi kabisa, haina hata doa. Nilikuwa nikiwaonyesha wanagenzi kama mfano wa kazi nzuri.

Ndipo akaja Bwana Aron. Mzee wa miaka tisini na ushei, mfupi, koti lake la mvua limefungwa hadi shingoni hata Julai. Aliuza vitambaa maisha yake yote, na kila aliyekutana naye alimshika kwanza ukosi wa nguo akaupima kwa vidole. Aliniita binti, nami nina wajukuu. Alikuja Jumanne moja kuangalia picha za mji wao, akaletewa boksi, na tulipofika kwenye ile ya msichana akaweka kiganja mezani.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Perla."

Kwetu tungemwita Lulu. Nikamuuliza amemjuaje na uso hauonekani. Akasema huo msuko alikuwa akiusuka yeye, kwa sababu mama yao mikono ilikuwa inauma, na hakuwahi kuweza kuukaza ukashika. Na huo mguu. Perla akiona haya alikuwa akikanyaga mguu juu ya mguu, hivyo hivyo. Baada ya vita hakubakiwa na picha hata moja ya mtu yeyote wa kwao. Sura ya mama yake alikuwa nayo kichwani. Ya Perla ilikuwa inamtoka, akasema, kila mwaka inazidi kufanana na watoto wa majirani.

Alitaka jambo moja. Chini ya picha, maelezo ya hifadhi yalisema ni msichana asiyejulikana. Alitaka pasomeke Perla. "Mimi nikiondoka," alisema, "hakuna mtu duniani atakayejua kwamba alikuwepo. Binti, yeye si asiyejulikana. Mimi namjua."

Nikalipeleka kwa mkuu wangu, Bwana Colin. Mwingereza mwembamba, mpole, ambaye angeweza kukukatalia maji jangwani na ukamshukuru. Akasema anasikitika mno, lakini jina haliwezi kuwekwa bila uthibitisho. Nikamwambia uthibitisho amekaa pale chumba cha wasomaji, anakula biskuti alizozificha mfukoni. Akasema hayo ni madai ya familia, si ushahidi. Na maneno ya nyuma ya picha je, nikamuuliza, ya huyo askari mwenye mzaha? Akasema hayo ni sehemu ya picha, kwa hivyo ni ushahidi.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. "Kwa hivyo aliyemfungia ni shahidi," nikamwambia, "na aliyemsuka nywele ni mdai."

"Ukiliweka hivyo, linasikika vibaya," akasema Bwana Colin. Akaniongezea chai.

Basi nikaanza vita vyangu vya chini kwa chini. Nilimwandama Bwana Colin kwenye ngazi, kwenye lifti, kwenye keki za kuagana. Na Bwana Aron akaja kila Jumanne. Anapanda basi, anafika, anaosha mikono kama nilivyomfundisha, anaomba boksi lilelile, anakaa na dada yake hadi saa za kula. Hapo ndipo alipokuwa akinisimulia. Waliingizwa geto miti inachanua maua. Perla alichukuliwa mwaka huohuo, joto likiwa bado kali, pamoja na watoto wa nyumba zote za upande ule. Yeye alikuwa amejificha kwenye tangi la maji tupu, na Perla alikuwa ameenda kupanga foleni. Alilirudia hilo mara nyingi, kwa maneno yaleyale, kama anayepapasa mfuko akihakikisha funguo zipo.

Mwishowe Bwana Colin akalegea. Nadhani nilimchosha, au mzee alimgusa ukosi wa koti akamwambia kitambaa ni kizuri. Akasema tutaandika: ametambuliwa na kaka yake kuwa ni Perla. Ila kabla ya kubadilisha maelezo, utaratibu unataka picha itolewe nakala mpya kutoka kwa asili yake. Nikatoe negativu ghalani, niipitishe kwenye skana, na mzee nimtolee nakala kubwa ya kutundika nyumbani. Nilitoka mle ofisini natembea kama bibi harusi.

Negativu ikitoka kwenye baridi huwezi kuifungua papo hapo, itatoka jasho. Inangojewa ipate joto taratibu. Nikaingoja. Nikaiweka juu ya meza ya taa, nikaona vidoa vimejaa filamu nzima. Nikasema ala, vumbi la miaka. Nikachukua kipulizio cha mpira, nikapuliza. Halikutoka. Nikapitisha brashi ya manyoya laini. Wapi. Nikaipitisha kwenye skana, nikaikuza kwenye kompyuta, nikasogeza kiti karibu.

Wanangu, nimeishi London majira ya baridi mengi. Vumbi lina ncha kali, linalingana, na linakaa juu ya kila kitu, juu ya ukuta na juu ya uso wa mtu bila ubaguzi. Hivi vidoa vilikuwa vikubwa vingine na vidogo vingine, vimefifia kingo. Kimoja kilikuwa kimekatwa nusu na nguzo ya taa. Vingine vilipita nyuma ya yule mama aliyebeba furushi, vikatokea upande wa pili. Vumbi halijifichi nyuma ya mtu.

Ilikuwa theluji. Ile ya kwanza, nyepesi, inayoyeyuka kabla haijalala chini.

Niliikodolea macho mpaka kioo cha kompyuta kikazima chenyewe. Mtoto aliyeingia maua yakichanua, akachukuliwa joto likiwa kali, hakuwahi kuiona theluji ya mle. Na ule mguu juu ya mguu haukuwa haya. Mtoto alikuwa anasikia baridi.

Kesho yake sikwenda kwa Bwana Colin. Nilipanda treni nikaenda Queensbury. Mzee Kanti alikuwa amekaa sebuleni na blanketi magotini, anatazama kriketi bila sauti. Mkewe akaniletea chai ya tangawizi na sahani ya chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa karanga na dengu. Nikamwekea nakala mbili mapajani, ya kwake na ya kwangu.

"Umeharibu," akasema, akionyesha ya kwangu. "Vumbi hili lote! Mimi nilikufundisha hivi?"

"Mzee, si vumbi. Ni theluji."

Akavaa miwani ya pili juu ya miwani ya kwanza. Akatazama sana. Kwenye televisheni mtu akatolewa nje, watu wakaruka bila sauti.

"Mwaka ule mvua tu ilinyesha hapa," akasema hatimaye. "Theluji niliijua ya kwenye kadi. Imelala chini, nyeupe, juu yake ndege mwekundu. Nani aliniambia inaruka hewani kama majivu? Nilikaa na brashi siku nzima, Mwanaidi. Kidoa kimoja kimoja. Walinisifu!"

Nikamweleza habari za Bwana Aron. Nilitegemea ataona aibu, sikumjua vizuri.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Mzee wa watu anataka dada yake. Unaye. Chukua nakala yangu, itundikwe. Yule bibi wa Kibokoni alikaa na mkono wa mpishi begani miaka thelathini, akafa ameridhika. Ulimwambia wewe?"

"Hapana."

"Basi na huyu usimwambie. Ana miaka mingapi ya kudanganyika iliyobaki?"

"Na huyu mtoto mwingine?" nikamuuliza. "Huyu mwenyewe aliyesimama hapa?"

Mzee Kanti akaitazama tena ile yenye theluji. Mkewe akaniongezea chevda ambayo sikuiomba.

Nawaambia ukweli, njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Hakuna aliyekuwa anajua ila mimi na mzee wa blanketi. Bwana Colin ameshakubali. Jina litaandikwa, mzee atalia kwa furaha, mimi nitastaafu nimebarikiwa. Kila nilipofika kwenye neno "atalia" nikaona linaniridhisha. Kisha namwona yule askari na kamera yake. Yeye aliandika nyuma ya mtoto jambo lililompendeza yeye. Sasa na mimi nije niandike chini ya mtoto huyohuyo jambo litakalonipendeza mimi, kwa nia njema sana, na yeye abaki amesimama pale na baridi yake. Nililala vibaya na nilimkasirikia kila mtu, hasa Bwana Colin, ambaye kwa utaratibu wake wa kuudhi ndiye aliyekuwa amesema kweli tangu mwanzo. Hakuna kinachouma kama mkuu wako kupatia.

Jumanne ikaja. Bwana Aron akaja na tai. Alikuwa ameambiwa nakala yake iko tayari. Alikuwa ameleta na fremu kwenye mfuko wa plastiki.

Nikaziweka nakala zote mbili mezani, zimefudikizwa. Mgongo kwanza, kama kawaida. Nikamwambia, "Bwana Aron, ya kushoto ni ile unayoijua. Ya kulia ni vile ilivyopigwa. Fundi wetu alifuta kitu kwa bahati mbaya, nami nimekikuta."

Akanitazama. Alikuwa mfanyabiashara, alijua kusoma uso wa anayeuza. Angeweza kuchukua ile ya kushoto, akaitia kwenye fremu, akaenda zake, na nilimwombea achukue hiyo. Akageuza ya kulia.

Alipitisha kidole hewani juu ya picha, bila kuigusa, kidoa hadi kidoa.

"Theluji," akasema.

"Ndiyo."

"Perla hakuiona theluji ya pale."

"Najua. Samahani sana, Bwana Aron."

Alivua tai. Sijui kwa nini, aliivua akaikunja vizuri akaiweka mfukoni. "Na mguu?" akauliza. "Mbona amesimama hivyo?"

"Baridi, nadhani."

Akatikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta, yakashuka yakaingia kwenye ukosi wa koti la mvua. Mimi nilikuwa nalia kabla yake. Akachukua fremu yake tupu, akashika mkongojo, akaenda kusubiri basi. Nilimsindikiza hadi mlangoni, tena hakunipima kitambaa.

Bwana Colin nikamwambia yote. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Ah," akakaa chini. Maelezo yakabaki vilevile: msichana asiyejulikana. Akaongeza sentensi moja kwamba theluji inaanguka. Nakala ya Mzee Kanti haikutupwa, kwa sababu hifadhi haitupi kitu; imewekwa kwenye bahasha yake, na bahasha inasema theluji imefutwa na fundi. Nilipompigia Mzee Kanti kumweleza, aliniuliza kama jina lake limeandikwa. Nikamwambia halikuandikwa. Akaudhika.

Jumanne iliyofuata sikuagiza boksi litolewe. Nani angekuja? Saa nne na kitu nikaitwa chumba cha wasomaji. Bwana Aron alikuwa amekaa mahali pake, mikono imeoshwa, inameremeta, anauliza mbona tumechelewa.

Nikamletea. Akakigeuza kile kijipicha cha asili mgongo kwanza, akaupitia ule mzaha wa askari kwa mara nyingine, kisha akageuza.

"Bwana Aron," nikamwambia taratibu, "huyu si Perla."

"Binti, mimi mzee, si mjinga." Akavunja biskuti chini ya meza, akanipa nusu. "Mimi nina mtu sina picha. Huyu ana picha hana mtu. Nimwache hivi hivi?"

Alikuja hivyo mpaka miguu ilipomkatalia. Akapelekwa nyumba ya wazee upande wa kaskazini, na nilikwenda kumwona mara kadhaa na chapati, ambazo alisema zimekaa kama kitani kizuri. Mara ya mwisho aliniuliza kama Jumanne imepita. Nikasema imepita. Akauliza, "Nani alikwenda?" Nikasema mimi. Nilikuwa sijakwenda. Wiki ile alizikwa, kwa haraka kama wanavyozika wao na sisi tunavyozika, na Jumanne nikaenda.

Sasa nimestaafu, nimerudishwa kuwa mgeni mahali nilipokuwa na ufunguo. Najiandikisha mlangoni kama wengine. Binti aliyeshika kazi yangu ananisisitizia nioshe mikono, nami naosha. Siku moja mmoja wenu, sitamtaja, aliniona kituo cha basi akaniuliza naenda wapi asubuhi yote ile na mvua ile. Nikamweleza kwa ufupi. Akavua visikizi masikioni, akaniambia kwa Kiingereza chake kizuri, sasa bibi, huyo msichana kwani unamjua?

Nikamwambia simjui. Ndiyo maana naenda.